Barua ya wazi kwa vijana mnaotunga nyimbo za wafanyakazi

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoimba kwa gitaa kavu la galatoni juu ya mishahara, migodi, mashamba ya chai na viwanda vya nguo. Hasira mnayo ya kutosha. Mlichopungukiwa ni habari: msikilizaji anaelewa kwamba mmeudhika, lakini hajui nani kafa, wapi, na kwa sababu gani. Basi kaeni na kazi za Hazel Dickens, mwimbaji na mtunzi wa West Virginia, Marekani, aliyefariki Aprili 2011. Na asitokee wa kuniambia kwamba huo ni muziki wa mbali. Banjo asili yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watu waliotiwa utumwani. Wakipsigis wa Kenya nao walimsikia Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Marekani, kwenye santuri, hata mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akarekodi wimbo wao wenye jina lake, likiwa limeshageuka Chemirocha.

Hazel alikulia Mercer County, kwenye nchi ya makaa ya mawe, mtoto wa nane kati ya kumi na mmoja. Baba yake alihubiri katika kanisa la Primitive Baptist na kusafirisha mbao za kuegemeza paa za migodi. Kanisa hilo huimba bila ala yoyote, na ndiko ilikotoka sauti yake kavu, ya puani kidogo, isiyorembwa. Akahamia Baltimore kufanya kazi za kiwandani na dukani. Kaka yake mmoja alilazwa hospitali ya kifua kikuu ambako mwanamuziki Mike Seeger alikuwa akifanya kazi, na kupitia urafiki huo Hazel akaingia katika mikesha ya muziki ya mjini. Baadaye akakutana na mwimbaji mwenzake, Alice Gerrard. Mwaka 1965 ikatoka albamu yao ya kwanza, wanawake wawili wakiongoza bendi ya bluegrass, muziki wa Marekani wa banjo, fidla na mandolini, wakati bendi hizo zilikuwa za wanaume, huku nyuma yao wakipiga Chubby Wise fidla, Lamar Grier banjo na David Grisman mandolini.

Sasa maneno, maana hapo ndipo mnapoanguka.

Ndugu yake mwingine, Thurman, aliuawa na ugonjwa wa mapafu meusi. Chembe ndogo za vumbi la makaa hufika hadi kwenye vifuko vya hewa, mwili ukijaribu kuzizingira kovu linaota, na pumzi inapungua mwaka hadi mwaka. Kovu halirudi kuwa pafu hata mtu akiacha mgodi. Hazel aliutungia ugonjwa huo wimbo, "Black Lung", na nataka muuangalie kama fundi anavyoangalia kiti cha fundi mwenzake. Kwenye beti mgonjwa ni "yeye": ametumikia mgodi, anakwenda kwa bosi, anafungiwa mlango, bima ya matibabu haimhusu. Kwenye kiitikio "yeye" anageuka "mimi", mgonjwa anausemesha ugonjwa uso kwa uso. Ushahidi umekaa kwenye ubeti, maumivu kwenye kiitikio, wala havikuchanganywa. Nyimbo zenu huweka kilio kila mstari, kisha mnashangaa mbona watu wamechoka kabla ya ubeti wa tatu.

Alizoea kuuimba bila ala. Fanyeni jaribio hilo kwa kila wimbo mpya: uimbeni mkavu, gitaa likiwa ndani ya mfuko wake. Mstari unaohitaji gitaa kuuokoa ukatwe.

Chukueni na wimbo wake wa mgodi wa makaa wa Farmington, huko huko West Virginia. Tarehe 20 Novemba 1968, alfajiri, mgodi namba 9 ulilipuka ukiwa na watu 99 ndani. 78 hawakutoka hai, na miili 19 haikupatikana kamwe. Mtunzi mchanga angeanza na mlipuko. Hazel ameanza na magazeti na redio zinazowahimiza wazazi wawalee watoto wao wawe wachimbaji, kisha kiitikio akampa mjane, anayemwonya mwanawe asiwaamini, na mwishoni anasema mumewe ameuawa na sasa anadaiwa mwanawe. Kwa hiyo kabla hamjaandika mstari, jazeni karatasi moja: siku na saa, idadi ya watu, zamu ilikuwa ya ngapi, nani alionya na akajibiwa nini. Mkishaijaza, amueni ni nani anayesema. Wimbo wa watu watatu wanaosema kwa zamu humpoteza msikilizaji, nami nimesikia mingi ya namna hiyo siku hizi. Tarakimu moja au mbili zinatosha. Zilizobaki zitawasaidia mkiulizwa, maana mtaulizwa, na kosa moja la hesabu humpa mwajiri njia ya kuukana wimbo mzima.

Nyimbo nne zake zimo kwenye filamu ya Barbara Kopple ya mwaka 1976 kuhusu mgomo wa wachimbaji wa makaa wa Harlan County, Kentucky.

Kuhusu kuimba wawili. Alice mara nyingi aliongoza, Hazel akakaa juu yake. Waliokulia kwaya watanielewa: anayeongoza akiimba do, wa juu yuko mi, akiimba mi, wa juu sol, akiimba sol, wa juu anapanda do ya juu, kwa sababu ti haimo ndani ya kodi ya do, mi na sol, yaani sauti zinazolia pamoja. Kosa la kawaida ni kuchagua ufunguo unaomfaa kiongozi peke yake, kisha mwenzake anapiga kelele kwenye kiitikio. Anzeni na wa juu: aimbe kiitikio mara mbili mfululizo, na koo likikaza shusheni nusu hatua, mrudie mpaka likae sawa.

Ndipo mfunge kapo, kile kibanio cha nyuzi kwenye shingo ya gitaa. Kwa kodi za umbo la G, freti ya 2 inawapa A, ya 3 B bemoli, ya 5 C. Msipande mpaka ya 7 kutafuta D, besi ya gitaa inakonda. Tumieni maumbo ya C na kapo freti ya 2. Kama kuna banjo, ule uzi mfupi wa tano haubanwi na kapo. Lazima nao upandishwe hatua zile zile. Ukisahauliwa utalia G katikati ya wimbo wa A, na lawama atapewa mwimbaji.

Gitaa lipige uzi wa besi pigo la 1 na la 3, na mfagio mwepesi la 2 na la 4. Mandolini ikate la 2 na la 4 kwa ufupi, vidole vya kushoto vikilegea papo hapo ili nyuzi zinyamaze. Mtu akiimba, ni ala moja tu inayojibu, tena mwishoni mwa mstari. Mkifagia nyuzi zote mapigo yote manne mnaziba maneno, na maneno ndiyo mliyokuja kuyaleta.

Riziki je? Hazel aliendelea na kazi za mshahara kwa miaka mingi. Albamu ya pili na Alice, iliyorekodiwa miaka ya 60, ilitoka 1973, na ya kwanza ya peke yake 1980. Tuzo ya taifa ya urithi ilimfikia 2001. Jumba la Heshima la bluegrass liliwaingiza yeye na Alice 2017, yeye akiwa kaburini miaka sita. Kwa hiyo asiwadanganye mtu muache kazi kwa sababu wimbo mmoja umepigwa redioni wiki mbili.

Mwisho, karatasi. Utunzi una haki yake na rekodi ina haki yake. Studio ikimiliki rekodi haijamiliki wimbo. Sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla ya kutoa. Mkiwa wawili, andikeni nani alitunga maneno, nani sauti, na mgawo ni asilimia ngapi kwa ngapi. Tieni saini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Hazel na Alice waliacha kuimba pamoja mwaka 1976, na ninyi pia ipo siku mtaachana. Karatasi hiyo iandikwe wiki hii, mngali mnacheka pamoja.

Mzee wenu