Taa za ncha za usukani zionyeshe upana, zisichukue nafasi ya taa ya nyuma

Mhariri,

Makala yenu kuhusu taa za baiskeli ilishughulika na ukali wa mwanga peke yake. Dereva anayekuja nyuma usiku akiona nukta moja nyekundu chini ya kiti, hana njia ya kujua kama ni taa hafifu iliyo karibu au taa kali iliyo mbali. Zikiwa nukta mbili, huziona zikiachana kadiri anavyosogea, na kwa mwachano huo jicho hupima umbali. Hapo ndipo taa ndogo za kuchomeka kwenye ncha za usukani zinapofaa. Huonyesha pia upana wa kupishwa: takriban sentimita 40 hadi 44 kwa usukani uliopinda wa baiskeli za mashindano, na 60 hadi karibu 80 kwa ulionyooka.

Ila si kila taa inafaa kila usukani. Uliopinda ncha zake hutazama nyuma zenyewe, hivyo taa yoyote nyekundu itamfikia dereva. Ulionyooka hutazama kando, na taa yenye lenzi bapa mwishoni itamulika vichaka tu. Huo unataka taa inayochomoza nje ya raba ya mkono, yenye lenzi ubavuni, nayo izungushwe hadi wekundu uelekee nyuma kabla ya kukazwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 wa usafiri wa barabarani unataka mwanga mweupe au wa manjano mbele na mwekundu nyuma. Wekundu ukivujia mbele, anayekuja mkabala atadhani unaelekea anakoelekea yeye.

Kufunga si kazi kubwa, lakini hapa ndipo wengi huharibu. Pima kipenyo cha ndani cha bomba, si cha nje: bomba mbili za milimita 22.2 kwa nje zinaweza kutofautiana sana ndani kwa sababu ya unene wa chuma. Raba iliyoziba mwisho ikatwe kwa kisu kikali kufuata ukingo wa bomba. Taa hushikwa na mpira unaotanuka skrubu inapovuta kabari ndani yake, kwa hiyo ichomeke ikiwa imelegea, kisha kaza mpaka vidole vishindwe kuizungusha. Kwenye usukani wa kaboni koma hapo hapo, maana kabari huweza kupasua ukuta wa bomba. Mpira ukipwaya, uzungushie tepu ya umeme mzunguko mmoja au miwili. Kwenye usukani uliopinda, mwisho wa tepu ya kushikia ukunjwe ndani ya bomba kwanza, ubanwe na taa. Bila hivyo itafumuka.

Ziwashe zikae bila kumeta. Mmeto huvuta macho, lakini nukta zinazozimika kila mara, tena kila moja kwa wakati wake, haziwezi kupimiwa umbali. Taa kuu ya nyuma ibaki palepale, kwa sababu koti pana, mizigo ya karia au paja la mwendeshaji vinaweza kuficha ncha moja au zote mbili. Mtu mwingine asimame mita 20 nyuma, nawe ukiwa umeketi na mzigo wako, akuambie anaona nini.

Betri za vidonge, yaani zile ndogo bapa za duara, hufifia polepole bila mwenyewe kugundua. Linganisha taa hizo mbili, na badilisha betri za zote pamoja. Zile kuukuu zisiachwe ovyo: mtoto akimeza moja, huweza kumchoma koo ndani ya saa mbili.

Mtikisiko hulegeza skrubu, na ncha ndizo hugonga ukuta au ardhi baiskeli ikiangushwa, kwa hiyo taa hizi hupotea. Vizibo vya awali vya ncha za usukani vitunzwe. Taa ikidondoka, kizibo kirudishwe kabla ya kuendesha tena: mdomo wa bomba ulio wazi hukata nyama kwa umbo la duara mtu anapouangukia.

Msomaji wenu, fundi baiskeli