Sifa za kidato cha tano zielezwe tangu kidato cha pili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sifa za kujiunga na kidato cha tano, jambo ambalo wazazi wengi huanza kuliulizia matokeo yakishatoka, wakati ambapo hakuna tena cha kurekebisha.

Mzazi akisikia mwanawe amepata daraja la tatu hushukuru, akaamini kuwa nafasi imepatikana. Lakini daraja hutokana na masomo saba aliyofaulu vizuri zaidi, ambapo A ni pointi 1, C ni 3 na D ni 4. Kwa hiyo mwenye C tatu na D nne hufikisha pointi 25, ambazo ndizo kikomo cha daraja hilo. Hapo bado lipo sharti la tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu atakayosoma kidato cha tano: masomo hayo matatu anayoombea yasizidi pointi 10 kwa jumla, wala pasiwe na F hata moja. Maana yake ni kwamba C mbili na D moja, kwa mfano, tayari hufikisha kikomo hicho, tena katika masomo hayohayo. C ya Uraia itamsaidia kupata daraja, lakini haimwingizi PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) wala HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Tena mwombaji lazima awe na angalau C tatu, na somo la dini halihesabiwi katika hizo.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba uamuzi wenyewe hufanyika mapema mno. Mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu huendelea na Fizikia na Kemia au huyaacha, mara nyingi kwa kufuata marafiki, au kwa sababu shule haina mwalimu. Akiyaacha, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), PCB na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) zimempita, hata akija kupata A ya Baiolojia na ya Hisabati. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafika 65. Naiunga mkono hatua hiyo, ila wingi huo unadai maelezo zaidi kuliko zamani.

Naiomba TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, iagize kila shule isome na kufafanua sifa hizi kwa Kiswahili chepesi katika mkutano wa wazazi wa kidato cha pili, kabla watoto hawajachagua masomo. Pale ambapo hakuna mwalimu wa Fizikia, mkuu wa shule aseme hivyo waziwazi siku hiyohiyo, ili mzazi anayeweza kumwombea mtoto uhamisho aanze kuushughulikia mapema.

Mzazi,
Morogoro