RISALA YA WAHITIMU WA MAFUNZO YA UFUGAJI WA KAMBA KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Kwa ruhusa yako, risala yetu itazungumzia adui mmoja tu wa mfugaji wa kamba: bakteria wa jamii ya vibrio.

Mheshimiwa, vibrio ni wenyeji wa maji ya chumvi, na hakuna bwawa lisilo nao. Shari huanza wanapozidi, au inapoingia aina ya Vibrio parahaemolyticus inayobeba sumu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, waliitambua aina hiyo kuwa chanzo cha vifo vya kamba wachanga, mara nyingi ndani ya siku 30 hivi tangu kupandikizwa, yaani kuwekwa bwawani, ambavyo tayari vilikuwa vimeharibu mabwawa ya China, Vietnam na Thailand. Ukimnyanyua kamba mgonjwa kutoka kwenye trei ya chakula utamjua: gamba limelegea, utumbo hauna kitu, na ini limepauka na kusinyaa.

Wengi hukimbilia klorini. Ina mahali pake kabla ya kupandikiza: kilo 30 za poda ya asilimia 65 kwa mita za ujazo 1,000 za maji, kisha maji yatiwe hewa mpaka klorini iishe. Lakini klorini haichagui. Inaua pia mwani na bakteria wema, na vibrio, kwa kuwa huzaana upesi, huwahi kurudi kwenye maji yasiyo na mshindani. Ndiyo maana tunasisitiza maji yaliyotibiwa yaachwe kwanza yakomae kwa molasi na pumba iliyochachushwa, rangi ya mwani irudi, ndipo vifaranga vya kamba viingie.

Kuanzia hapo vita viko sakafuni mwa bwawa. Chakula kilichobaki, kinyesi na magamba hugeuka tope jeusi linalonuka kama yai viza, na humo vibrio hupata shibe. Trei ikaguliwe saa mbili baada ya kulisha. Chakula kikibaki, mlo unaofuata upunguzwe. Tope linalokusanyika katikati linyonywe kwa bomba, taratibu, lisitibuke. Oksijeni ipimwe kabla ya kupambazuka, kwa sababu usiku kucha kila kiumbe bwawani huitumia na mwani hauitengenezi. Isishuke chini ya miligramu 4 kwa lita. pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali ya maji, ibaki kati ya 7.5 na 8.5, na ikiyumba zaidi ya 0.5 kwa siku, mara nyingi mwani umezidi.

Antibiotiki hatuzishauri kabisa kama kinga. Huzalisha vibrio sugu, na masalia ya kloramfenikoli, mojawapo ya antibiotiki hizo, yakigundulika, kamba hao hawaingii soko la Umoja wa Ulaya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chuo kina mabwawa lakini hakina macho ya kuwaona bakteria hawa. Tunaomba kipima oksijeni, na kabati la joto la kuoteshea sampuli kwenye agari ya TCBS, yaani rojo maalumu ya kuoteshea vibrio. Baada ya saa 24 makundi ya vibrio huonekana ya njano au ya kijani, na huhesabika. Rangi peke yake haithibitishi sumu, hivyo tunaomba pia utuunganishe na maabara yenye kipimo cha PCR, kinachotambua vinasaba vya bakteria, vifaranga vipimwe kabla ya kununuliwa.

Tunashukuru kwa kutusikiliza.

Ni sisi wahitimu.