Mpingo si jibu la kila ala ya muziki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie agizo ambalo sisi mafundi wa ala za muziki wa Lindi na Mtwara tunalipokea mara kwa mara kutoka kwa walimu, viongozi wa kwaya na vikundi vya ngoma: "Fundi, tutengenezee, lakini iwe ya mpingo." Agizo hilo linatokana na fahari, na fahari yenyewe ina haki yake, kwa kuwa mpingo ndio mti wa taifa letu, unaota katika misitu ya Kilwa, Liwale, Nachingwea na Nanyumbu, na wapigaji wa klarineti, obo na zumari za mfuko za Uskoti wanauthamini kuliko mti mwingine wowote. Hata hivyo fahari haipimi ubao, na ningependa wateja wetu waelewe kwa nini fundi anayeijua kazi yake huwakatalia.

Katika klarineti, sauti hutoka kwenye ulimi wa tete unaotikisika na kwenye hewa iliyomo ndani ya bomba. Kazi ya mti ni kuhakikisha bomba hilo halibadiliki umbo, tundu lake linabaki laini, na matobo yake yanabaki na kingo safi hata baada ya miaka mingi ya kupitisha pumzi yenye unyevu. Mpingo mkavu huwa na uzito wa kilo 1,200 na zaidi kwa mita ya ujazo, ndiyo maana huzama majini. Una mafuta yake ya asili, haunywi maji kwa urahisi, na ukikerezwa hukatika kwa usafi kama pembe. Uso wa gitaa una kazi iliyo kinyume kabisa. Wenyewe ndio unaotakiwa kutikisika kwa nguvu ndogo ya waya, kwa hiyo unahitaji mti mwepesi ambao wakati huohuo haupindi kirahisi kwa kufuata urefu wa nyuzinyuzi za mbao yake. Ulaya na Marekani hutumia sprusi, mti wa jamii ya msonobari, ambao uzito wake ni takriban theluthi moja tu ya uzito wa mpingo. Ukitengeneza uso wa gitaa kwa mpingo utapata chombo kizuri cha kutundika ukutani, lakini sauti yake itakuwa hafifu hata mpigaji akikaza vidole namna gani.

Kwa ngoma mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu ngozi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya sauti. Mzinga, yaani kiwiliwili cha ngoma, unataka gogo la mviringo lisilo na ufa mrefu, na mwembe mkongwe uliokoma kuzaa unatosha kabisa, mradi uchongwe ungali mbichi, moyo wake utolewe, kuta ziwe na unene ulio sawa, kisha ukauke polepole kivulini. Mpingo wenye gogo pana na lililonyooka kiasi hicho ni nadra kuonekana, na kuutoboa ukawa mzinga ni kuiharibu mbao iliyotumia miaka 70 au zaidi kukua. Kwa funguo za marimba ninapendekeza mninga, ambao husinyaa kidogo sana unapokauka na hivyo hautoki kwenye sauti yake upesi. (Vumbi lake linawasha pua na kifua, na vijana wa karakana wafunge kitambaa.) Anayetaka kuupima ubao wa marimba kabla ya kulipa, aushike kwa vidole viwili mahali palipo kama moja ya tano ya urefu wake kutoka ncha, kisha augonge katikati. Ubao mzuri utalia na kuendelea kulia. Wenye fundo, ufa wa ndani au maji utatoa mshindo mfupi uliokufa.

Suala la maji ndilo linalonisumbua zaidi kuliko hata jina la mti. Mbao nyingi zinazouzwa katika miji yetu ni mbichi, na muuzaji akiulizwa husema zimekauka kwa kuwa zimeshinda juani wiki mbili. Jua kali hukausha ngozi ya ubao na kuuacha moyo wake ukiwa na maji, na hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Ubao wa kawaida huhitaji takriban mwaka mmoja wa kivuli na upepo kwa kila inchi ya unene wake, na mpingo huhitaji zaidi ya hapo, tena ncha zake zikiwa zimepakwa nta ili maji yasitokee huko kwa kasi. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuupima ubao kwenye mzani kila baada ya wiki chache, na kuuanza kazi pale tu uzito unapoacha kushuka. Ikumbukwe pia kwamba hewa ya Mtwara mjini, kando ya bahari, si hewa ya Nachingwea katikati ya kiangazi. Gitaa lililounganishwa pwani wakati wa masika huweza kupasuka likipelekwa bara mwezi wa Septemba, na mteja humlaumu fundi kwa kosa la gundi.

Pamoja na yote hayo, mpingo tunauhitaji, ila kwa vipande vidogo: ubao wa vidole wa gitaa, vigingi vya kukazia nyuzi, filimbi. Hata klarineti yenyewe huundwa kwa vipande ambavyo kila kimoja hakifiki sentimita 30. Nao mpingo kwa tabia yake hukua ukiwa umepinda, na mara nyingi moto wa nyika huutoboa ndani, hivyo mnunuzi wa magogo huchukua sehemu iliyonyooka na kuyaacha mengine porini. Misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu wa misitu, kwa hiyo utaratibu wa kupima, kugonga alama na kuandikia risiti si jambo geni katika mkoa wetu. Ninachoomba ni kamati za maliasili za vijiji ziyaingize mabaki hayo katika utaratibu huohuo, zikiyapangia bei na kutoa hati ya kuyasafirisha. Kwa sasa fundi akikutwa na kipande cha mpingo kisicho na karatasi huhesabiwa mwizi, na simlaumu askari wa misitu kwa hilo.

Iko pia sababu ya kibiashara. Tangu Januari 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unadhibiti biashara ya kimataifa ya mpingo na jamaa zake, lakini kuanzia Novemba 2019 ala zilizokamilika pamoja na sehemu zake zimeondolewa katika udhibiti huo, wakati ubao wenyewe ungali umo. Filimbi iliyokamilika hapa Lindi ina vikwazo vichache mpakani kuliko gogo ambalo imetokana nalo.

Kamati itakayokubali kuuza kwa utaratibu huo haitakosa wanunuzi. Mafundi wa Nachingwea na Masasi tutachukua vipande vyenye urefu wa kuanzia shibiri moja, vyenye kiini cheusi kisicho na ufa, hata kama vimepinda.

Fundi seremala na mtengenezaji wa ala,
Nachingwea, Lindi.