Barua ya Wazi kwa Ami: Tusilizibe Baraza la Bibi

Ami yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakufikia huko Maskati ukiwa mzima, wewe na wote nyumbani. Umeniruhusu nikujibu hadharani, kwa sababu uliloniuliza si la nyumba yetu peke yake. Baada ya kusikia habari za vijana wa mapanga, uliniuliza kama si bora tulizibe kwa vyuma baraza la nyumba aliyotuachia bibi, tutie lango na kufuli, na ukatuma na pesa za fundi. Nimelifikiria jambo hili wiki tatu, na jibu langu, kwa adabu zote, ni kwamba tusilizibe.

Unalikumbuka lile jiwe la kukalia pale barazani. Kila baada ya sala ya Alasiri muuza kahawa hulitua dele lake juu ya jiko la makaa, kwenye pembe ile iliyochongeka, kisha akavigonga vikombe viwili mkononi, na kabla mlio haujaisha wazee wameshafika. Asubuhi mahali hapo hapo mama mmoja wa mtaa huuza mahamri na mbaazi, na watoto wa chuo cha Kurani humpitia wakiwa na sarafu zao. Jiwe ni letu lakini kikao ni cha mtaa mzima, na nijuavyo mimi ndivyo Mji wa Kale wa Mombasa ulivyolindwa tangu zamani: mgeni hawezi kukatiza kichochoro bila kusalimiwa, na akishasalimiwa amekwisha kuonekana. Tukiweka vyuma tutakuwa tumewaondoa wanaoona, na anayekuja usiku kwa nia mbaya tutakuwa tumemwachia njia nyeupe.

Sisemi kwamba hofu yako haina msingi. Ramadhani iliyopita, watu wakitoka tarawehe, vijana wanne walipita mbio na mapanga, wakamnyang'anya jirani yetu simu mbele ya mwanawe mdogo. Siku chache baadaye ikaja gari ya askari, ikawachukua vijana waliokuwa wameketi barazani kwetu wakinywa kahawa, akiwemo mtoto wa dada yangu. Waliambiwa wanazurura. Walilala kituoni, asubuhi wakaachiliwa bila shtaka lolote, na hakuna aliyetueleza kosa lilikuwa nini, ingawa Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inasema wazi kwamba aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoifahamu. Kijana yule sasa haketi barazani. Anaogopa wenye mapanga na anaogopa gari la askari, na mimi huu ndio msiba ninaouona mkubwa kuliko ule wa simu.

Kisha iko taa ya barabarani pale kwenye kona, iliyozimika tangu kabla ya Ramadhani. Nimekwenda ofisi moja nikaambiwa niende nyingine, na ile nyingine ikanirudisha kwa ya kwanza. Nikaenda kwa wahusika wa usalama, wakaniambia taa si kazi yao, wao kazi yao ni wahalifu. Nikawauliza, huyo mhalifu hufanyia kazi yake wapi kama si gizani? Walinisikiliza kwa heshima, na taa haijawaka hadi leo ninapoandika.

Ulipoondoka, Ami, tulikuwa na Manispaa na meya wake, na mtu alijua akalalamikie wapi, hata kama hakusikilizwa. Tangu mwaka 2013 tuna serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti masoko, leseni za biashara, bustani, taa za barabarani na maegesho ya magari, na limeiachia serikali kuu polisi. Kwa hiyo Barabara ya Digo ina askari wa aina mbili wanaotumwa na serikali mbili: askari wa kaunti, ambaye mchuuzi anamwogopa kwa sababu ya bidhaa zake, na askari polisi, ambaye haamriwi na gavana. Mgawanyo huo una sababu zake, na mimi sitaki polisi wawe wa gavana, kwani tungejuta wakati wa uchaguzi. Ninacholalamikia ni kwamba raia aliyesimama kati ya hao wawili hana mahali pa kuwakuta pamoja.

Katikati ya mji mambo ni yayo hayo, ila kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2018 kaunti iliwaagiza wenye majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale wayapake rangi nyeupe na kuyatia mistari ya buluu, na kwa kweli kuna kuta zilizopendeza. Lakini pita Marikiti wakati wa magharibi uone. Wanawake wanaouza mboga nje ya soko hulipa ushuru wa siku na stakabadhi wanazo, wamezikunja ndani ya leso, na bado gari la kaunti likitokea hukusanya vitu vyao na kukimbia, nyanya zikibingirika barabarani chini ya magurudumu ya tuktuk. Mtu ametozwa kwa ajili ya mahali, kisha anafukuzwa mahali hapo hapo. Kama pale hapafai biashara, basi asitozwe, aonyeshwe panapofaa. Na kama panafaa, aachwe auze. Wapita njia nao wana haki yao, nami mwenyewe nimewahi kushuka barabarani na mama yangu mzee kwa sababu kijia kilikuwa kimejaa meza, ila haki hizo mbili huweza kupatanishwa kwa chaki na kikao kimoja cha wenyewe, bila virungu.

Wala si kwamba hatujui kutengeneza mahali pa umma. Tangu ufuo wa Mama Ngina ulipofunguliwa upya mwaka 2019, nenda jioni yoyote uone familia kutoka Majengo, Tudor na hata ng'ambo ya Likoni, zimeketi zikitazama meli zinavyoingia bandari ya Kilindini, muhogo wa kukaanga mkononi, umetiwa ndimu na pilipili. Kuna taa, kuna mahali pa kukaa, wachuuzi wapo na hawakimbii, na watu ni wengi mno kwa mtu kufanya uovu bila kuonekana. Hakika usalama niliouhisi pale sijauhisi popote penye vyuma.

Jambo ninalotaka ulijue zaidi ni hili. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, kifungu cha 41, inaagiza kila kaunti iwe na mamlaka yake ya masuala ya polisi. Mwenyekiti ni gavana au mtu wa serikali yake atakayemteua, wakuu wa polisi wa kaunti wamo, wamo wawakilishi wa bunge la kaunti, na wamo raia wasiopungua sita kutoka kwa wafanyabiashara, wanawake, vijana, mashirika ya dini na wenye mahitaji maalumu. Kazi yao ni kupendekeza yapi yatangulizwe katika ulinzi wa kaunti, kufuatilia mienendo ya uhalifu na kuwashirikisha wananchi. Hicho ndicho kikao ninachokitafuta, Ami, na kimo katika sheria ya nchi. Hapo ndipo taa yetu, stakabadhi za Marikiti na kijana aliyelazwa kituoni bila kosa vingezungumzwa siku moja, mbele ya watu wasioweza kurushiana mpira. Nimeuliza mtaani ni nani anayetuwakilisha humo, na sijakutana na mtu mmoja anayejua.

Kwa hiyo nimeandika. Kwa kutumia Ibara ya 35 ya Katiba, inayompa raia haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari, nimeomba rasmi majina ya wajumbe wa mamlaka hiyo na tarehe walizokutana. Sheria inawapa siku 21 kunijibu. Wazee wa barazani wametia saini barua hiyo pamoja nami, na muuza kahawa naye ametia, ingawa alisita kwanza akihofia leseni yake.

Pesa za fundi bado ninazo. Ukiniruhusu, nitatoa kidogo nifunge taa moja juu ya mlango, imulike jiwe lote hadi kwenye kona, na zilizobaki nitakurudishia. Nangoja neno lako.

Mwanao,
Mji wa Kale, Mombasa