Shemeji, kuhusu ile dripu moja

Shemeji,

Juzi uliponiuliza ulikuwa hujalala siku mbili, nami nikakujibu nusunusu. Umesoma kwamba amfoterisini, dawa ya kuua fangasi, haiingii kwenye maji ya uti wa mgongo, ukauliza kwa nini ndugu yangu, mwenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi, katundikiwa dawa isiyofika ugonjwa ulipo, tena mara moja tu.

Ulichosoma ni kweli. Mishipa midogo ya ubongoni ni bahili: seli zake zimebanana bila upenyo, na zina pampu za kurudisha nje kinachojipenyeza. Flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi, hupita kwa sababu ni molekuli ndogo, huyeyuka majini, na protini za damu haziishiki sana. Hata ikimezwa kama kidonge, kiasi chake kwenye maji hayo hufika asilimia 70 au zaidi ya kilichomo kwenye damu. Flusitosini nayo hupita vizuri. Itrakonazoli, ambayo karibu yote hushikwa na protini, hubaki mlangoni. Amfoterisini ni limolekuli likubwa. Ukipima maji ya mgongo huioni, au unaona chembe tu.

Lakini hiyo flukonazoli inayopita kirahisi humdumaza fangasi tu. Amfoterisini hushika ergosteroli, mafuta yaliyomo kwenye utando wa kriptokokasi, ndiye fangasi mwenyewe, ikautoboa utando huo, ikamuua. Na fangasi hawa hawaelei majini peke yake, wamejichimbia kwenye tando zinazofunika ubongo na ndani ya ubongo wenyewe. Sungura wa maabara waliopewa amfoterisini iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta walikutwa nayo ndani ya ubongo. Anayepima maji, basi, amepima maji.

Vitone hivyo ndivyo vilivyomo kwenye dripu ya mumeo. Utafiti uliochapishwa 2022, kwa wagonjwa wenye VVU kama yeye, ulionyesha kwamba dozi moja ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, haikuwa duni kuliko dripu za siku saba. Mwaka huohuo WHO ikaipendekeza. Kwa hiyo hawajamsahau. Vidonge ndivyo visirukwe.

Jambo jingine, nalo ndilo linalonikosesha usingizi: wakitaka kumchoma tena mgongoni, usiwazuie. Mara nyingi hawatafuti kipimo, wanapunguza presha ya maji kichwani, na hakuna kidonge cha kuifanya kazi hiyo. Kichwa kikimzidi au macho yakiona ukungu, hata saa nane za usiku, mwamshe muuguzi.