Daftari la Mama

Hamugembe, Bukoba

Dada yangu mpenzi,

Natumaini hujambo na watoto hawajambo. Ulipopiga simu wakati wa matanga nilishindwa kuongea, nikampa kaka akujibu. Nisamehe. Sasa wageni wameondoka, turubai limerudi kwa mwenyewe, nami nimebaki na funguo za nyumba na masufuria makubwa ambayo sijui hata ni ya nani.

Mazishini walimsifu sana. Mwenyekiti wa mtaa akamwita mama wa wote. Nakuambia wewe tu: sikufurahi. Huyo mama wa wote alikuwa mama yangu, na utoto wangu mzima nilimgombania na mtaa. Unakumbuka mkungu mzuri wa kibanjani haukuwahi kulala kwetu? Ulikwenda kwa mgonjwa. Sisi tulikula ndizi za migomba iliyoangushwa na upepo. Hata wewe, ulivyokuwa ukija kula kwetu, nilikuwa nakuonea wivu ukipakuliwa kwanza.

Baba alipofariki mwaka 1988, ukoo ulitaka kibanja. Mama alikataa kuondoka. Halafu mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, kule Mahakama Kuu Mwanza, akampa ushindi Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyekuwa ameuza kibanja alichoachiwa na baba yake. Ile hukumu ilimhusu binti na urithi wake, haikumhusu mjane, lakini nani angemwambia Mama? Kila shemeji aliyekanyaga uani alisomewa hukumu hiyo kama Injili. Tunaitwa nshomile, yaani wasomi, waitu, na yeye alikuwa ameishia darasa la nne tu.

Miaka hiyo hiyo ndiyo alianza kuzunguka kwa wagonjwa. Wagonjwa wa kwanza huku Kagera walikuwa wameonekana mwaka 1983, na mwanzoni watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wachuuzi wa mpakani. Tulipokuwa wasichana tayari uliitwa UKIMWI, ila jina hilo halikutamkwa nyumbani kwa mgonjwa. Mama alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akawaosha, akawageuza, akafua mashuka yao, bila kulipwa hata senti. Jioni alirudi ananuka Dettol na moshi, nami nikajifanya nimelala ili asinitume maji. Hilo ndilo linaloniuma sasa.

Dawa zilipoanza kutolewa bure, mwaka 2004, kazi yake ikageuka, akawa msumbufu. Alfajiri anagonga milango ya watu: "Umemeza?" Kuna mzee mmoja alimwambia heri afe kuliko kuamshwa na Mama kila siku. Yule mzee alikuja mazishini, kabeba mkungu begani.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipasua ukuta wa chumba chake, na nyumba nyingi za huku Hamugembe zilianguka kabisa. Nilikuja kumchukua nimpeleke Mwanza. Nikamkuta uani anapikia familia tatu, na mimi nikapewa ndizi nimenye. Mwanza hakwenda.

Basi, sababu hasa ya barua hii. Chini ya kitanda chake nimekuta madaftari ya shule, kumi na moja. Aliandika kila nyumba aliyokwenda: sabuni aliyopeleka, mgonjwa amekula nini, amelala vipi. Mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Nimesoma usiku mbili. La mwaka 1993 lina mama yako.

Najua ulikuwa bwenini na hawakukuita mpaka siku ya kuzika. Najua pia umeishi miaka yote ukiamini alikufa peke yake, maana uliniambia hivyo siku ya harusi yangu, na mimi sikuwa na la kukujibu. Mama naye hakusema. Alikuwa hasemi habari za nyumba ya mtu kwenye nyumba ya mwingine, hata kwetu watoto wake. Nakuandikia kama alivyoandika:

"Jumatatu. Uji vijiko vinne.

Jumatano. Vijiko sita. Amecheka. Anataka nimsuke kabla mtoto hajafunga shule.

Ijumaa. Tumesuka nusu, amechoka. Nimelala huku.

Jumamosi. Nimelala huku.

Jumapili. Nimemalizia nywele."

Baada ya hapo ni nyumba nyingine.

Daftari nimelifunga kwenye kanga yake ya kijani, ile ya kwendea kanisani. Silitumi kwa basi wala simpi mtu alilete. Senene wataanza Novemba, njoo ulichukue mwenyewe, ukae japo wiki moja. Chumba cha Mama nimeshafagia.

Ni mimi dada yako